Kalenda Zisizoonana: Safari ya Swali Kati ya Seva ya Ofisini na Wingu

Unafungua dirisha la kupanga mkutano na kuandika majina ya watu wanane. Kwa watano unaona vizuri nani yuko huru na nani ana shughuli. Kwa watatu waliobaki hakuna kitu ila mistari ya mshazari. Mistari hiyo haisemi kwamba mtu ana nafasi, wala kwamba hana. Inasema tu kwamba programu imeuliza na haikupata jibu.

Taasisi yenye masanduku yote ya barua mahali pamoja hukutana na mistari hii mara chache. Mistari hiyo huzuka hasa pale ambapo baadhi ya wafanyakazi wamehamishiwa wingu la Microsoft 365 na wengine wamebaki kwenye seva za barua za Exchange zinazoendeshwa na taasisi yenyewe. Huo ndio mfumo mseto. Barua zikipita pande zote bila shida, kila mtu anaamini kwamba kazi imekwisha, mpaka siku katibu anapotaka kumpangia mkurugenzi mkutano na watu wa upande wa pili.

Nimekaa na tatizo hili mara nyingi, na kosa ninaloliona kila mara ni kulichukulia kama tatizo moja lenye jina moja: "kalenda hazionani". Kuna swali linalotoka ofisini kwenda wingu, na kuna swali jingine linalotoka wingu kuja ofisini. Ni safari mbili. Kila moja ina mlango wake, kitambulisho chake na mahali pake pa kukwama. Anayezichanganya hurekebisha mlango uliokuwa mzima na kuuacha ule uliovunjika.

Tuondoe kwanza dhana moja. Wengi hudhani taarifa za kalenda hunakiliwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo mistari ikitokea wanakimbilia programu ya kusawazisha saraka, yaani orodha ya watumiaji. Zamani, enzi za Exchange 2003, taarifa za nafasi ziliwekwa kweli kwenye folda za umma na kusomwa kutoka huko. Tangu Exchange 2007 mambo yanakwenda kwa huduma ya upatikanaji, ambayo huuliza papo hapo: sasa hivi, kalenda ya fulani inasemaje? Kusawazisha saraka kunapeleka majina na anwani tu. Miadi yenyewe haisafiri mpaka mtu aulize.

Basi chukua watu wawili. Asha, sanduku lake liko kwenye seva ya ofisini. Baraka amekwisha hamia wingu. Mwombe Asha apange mkutano na Baraka, kisha Baraka apange na Asha, na uandike matokeo kwenye karatasi. Wote wajaribu kwa Outlook ya kwenye kompyuta na pia kwa kivinjari. Kama kivinjari kinaonyesha na Outlook ya kompyuta haionyeshi, mfumo mseto ni mzima. Tatizo liko kwenye kompyuta hiyo, mara nyingi Autodiscover, huduma inayoielekeza Outlook kwenye seva yake, inaipeleka pasipo. Dakika kumi za jaribio hili zinaokoa siku nzima.

Asha anapomtafuta Baraka

Outlook ya Asha haiendi wingu. Inaiuliza seva inayotunza barua za Asha mwenyewe, na seva hiyo ndiyo inayobeba swali kwenda wingu kwa niaba yake. Kwa hiyo kama kompyuta ya Asha inafungua tovuti zote za dunia, hilo halithibitishi kitu. Anayehitaji njia ya kutoka, kupitia mlango wa 443, ni seva.

Kabla ya kutoka, seva hutazama Active Directory, saraka ya watumiaji ya ofisini, ili ijue Baraka ni nani. Inamkuta ni mtumiaji wa mbali, na kwenye rekodi yake kuna anwani lengwa, targetAddress, ambayo kwa kawaida huishia na kitu kama taasisi.mail.onmicrosoft.com. Seva inashika kikoa cha anwani hiyo, yaani sehemu iliyo baada ya alama ya @. Anwani nzuri ambayo Baraka huwapa watu haihusiki hapa kabisa.

Nakaa hapa makusudi, kwa sababu ndipo kesi za "mtu mmoja tu haonekani" huzaliwa. Ikiwa wafanyakazi wote wa wingu wanaonekana isipokuwa Baraka, usiguse cheti na usiguse fayawoli. Vyote viwili vinafanya kazi, la sivyo wenzake nao wasingeonekana. Tazama anwani lengwa yake. Huenda iliandikwa kwa mkono na mtu akakosea herufi, au inaelekea kikoa kingine. Kisha nenda wingu uangalie kama sanduku lake lina anwani hiyohiyo miongoni mwa anwani zake. Mara nyingi haimo, kwa sababu sera ya kugawa anwani ilizimwa kwa Baraka miaka iliyopita ili apewe anwani ya pekee, kwa hiyo siku wenzake walipoongezewa anwani ya onmicrosoft yeye alirukwa. Swali linafika wingu, linamuulizia mtu kwa jina ambalo wingu halilijui, na linarudi mikono mitupu.

Seva ikishakuwa na kikoa, inatafuta ruhusa ya kuuliza. Hapa kuna mpangilio ambao ni lazima uujue. Kwanza inatazama kama kuna IntraOrganizationConnector iliyowashwa na yenye kikoa hicho kwenye orodha yake. Ikiwepo, inatumia njia ya OAuth, yaani kujitambulisha kwa tokeni, kitambulisho cha muda mfupi. Isipokuwepo, inatazama uhusiano wa taasisi, OrganizationRelationship, ambao hutumia njia ya zamani zaidi ya imani ya shirikisho, ambapo pande mbili huaminiana kupitia mpatanishi. Isipopata hiyo pia, inatazama nafasi za anwani za upatikanaji, na ikikosa kote inasema haina habari za kikoa hicho.

Jambo linalowachanganya hata wazoefu ni hili: seva ikishachagua njia ya kwanza na njia hiyo ikashindwa, hairudi kujaribu ya pili. Unaweza kuwa na uhusiano wa taasisi uliopangwa barabara, ukautazama asubuhi mpaka jioni bila kuona kosa, ilhali seva haijaugusa hata mara moja. Kuna njia rahisi ya kujua: zima kiunganishi kwa muda kwa Set-IntraOrganizationConnector, anzisha upya huduma za wavuti za Exchange ili kumbukumbu ya zamani ifutike, halafu jaribu tena. Taarifa zikirudi, ugonjwa uko kwenye OAuth. Mistari ikibaki, ugonjwa uko mahali ambapo njia zote mbili hupita, yaani anwani au mtandao. Kisha ukiwashe tena, maana njia ile ya zamani si makao ya kudumu.

Kwa OAuth, amri ya Test-OAuthConnectivity ndiyo rafiki wa kwanza. Ipe huduma ya EWS (huduma za wavuti za Exchange), anwani ya wingu, ambayo ni https://outlook.office365.com/ews/exchange.asmx, na sanduku la mtu wa ofisini. Ikishindwa, soma maelezo yake yote mpaka mwisho, hata kama yanajaza skrini tatu. Kiini mara nyingi kimefichwa katikati.

Na kiini hicho mara nyingi ni cheti. Exchange ina cheti chake maalumu kinachoitwa Microsoft Exchange Server Auth Certificate, ambacho hujitia sahihi chenyewe wakati wa kusimika seva na hudumu miaka 5. Seva hukitumia kutia sahihi maombi ya tokeni, na wingu hukagua sahihi hiyo kwa ufunguo wa umma uliopelekwa huko. Miaka 5 ni muda wa kutosha kwa aliyesimika seva kuondoka kazini, na kwa aliyempokea kutojua kwamba cheti hicho kipo. Siku kikiisha, hakuna aliyebadilisha kitu, hakuna aliyegusa kitu, na kalenda zinazimika. Get-AuthConfig inakuonyesha alama ya cheti kinachotumika, na Get-ExchangeCertificate inakuonyesha tarehe yake ya mwisho. Ukitengeneza kipya, kukisajili kwa Set-AuthConfig na kukichapisha hakutoshi: wingu bado linashikilia ufunguo wa zamani mpaka uendeshe upya kichawi (wizard, programu inayokuongoza hatua kwa hatua) cha kusanidi mfumo mseto. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Angalia pia saa. Tokeni ina muda wa kuanza na muda wa kwisha, na seva ambayo saa yake imepotoka kwa zaidi ya dakika 5 itakataliwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Baada ya ruhusa kuna barabara yenyewe. Msimamizi huingia kwenye seva, anafungua kivinjari, anaona ukurasa wa Microsoft umefunguka, anatangaza kwamba mtandao ni mzima. Kumbe kivinjari kimetumia proksi, yaani seva ya katikati ya kutokea kwenye intaneti, iliyowekwa kwenye akaunti yake yeye. Huduma za Exchange haziendeshwi kwa akaunti yake; zinaendeshwa kwa akaunti ya mfumo, na proksi zinayoifuata ni ile iliyoandikwa kwenye InternetWebProxy ya seva. Ili kuona kile ambacho Exchange inakiona, fungua dirisha la amri kwa akaunti ya mfumo, kwa mfano kwa kutumia zana ya PsExec, ujaribu kutokea humo. Nilipojaribu hivi mara ya kwanza, kwenye taasisi ambayo siitaji, ukurasa uliofunguka vizuri kwenye kivinjari changu uligoma kabisa, na tatizo la wiki mbili likaisha kabla ya chakula cha mchana. Seva za zamani ambazo hazijawekwa sawa kwa TLS 1.2, itifaki ya kusimba mawasiliano, nazo hukwama hapahapa, kwa kuwa wingu halipokei tena matoleo ya nyuma yake.

Baraka anapomtafuta Asha

Safari ya kurudi ina hatari zake. Wingu linamkuta Asha kama mtumiaji wa barua aliyeletwa na usawazishaji, linatazama anwani yake ya nje, linachukua kikoa chake na kutafuta kiunganishi au uhusiano wa taasisi kwa upande wake. Taasisi ikiwa imenunua kikoa kipya baada ya kusanidi mfumo mseto na hakuna aliyekiongeza kwenye orodha, wenye anwani za kikoa hicho hawataonekana, na wenzao wote wataonekana.

Kisha wingu linahitaji kuingia. Linabisha Autodiscover ya taasisi kutoka kwenye intaneti, linauliza anwani ya EWS, halafu linabisha EWS yenyewe. Kwa hiyo milango hiyo miwili lazima ifikike kutoka nje, iwe na cheti kilichotolewa na mamlaka inayoaminika na wote, na sehemu ya ExternalUrl ya EWS isiwe tupu. Ambako fayawoli inaruhusu anwani teule tu, orodha ya anwani za Exchange Online lazima isasishwe kila Microsoft inapoibadilisha.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote upande huu ni kifaa kilichokaa mbele ya seva na kumtaka kila mgeni ajitambulishe kabla ya kupita. Kwa binadamu ni ulinzi mzuri. Lakini wingu halina jina la mtumiaji wala nenosiri la kuandika kwenye ukurasa wa kuingilia. Limebeba tokeni ambayo ni Exchange peke yake inayoweza kuikagua. Njia za EWS na Autodiscover, pamoja na zile zinazoishia na neno wssecurity, lazima zipitishwe moja kwa moja hadi kwenye seva bila kuzuiwa njiani. Kwa njia ya zamani ya shirikisho, hakikisha pia WSSecurityAuthentication imewashwa kwenye saraka pepe za EWS na Autodiscover. Kama inaonyesha imewashwa na bado unapata ujumbe kwamba usalama wa ombi haukuthibitishwa, izime kisha uiwashe tena. Linaonekana kama jambo la kubahatisha, lakini linaandika upya mipangilio ambayo ilikuwa imeharibika chini kwa chini. Na ukikuta neno la ajabu FYDIBOHF25SPDLT mbele ya kikoa chako kwenye mipangilio ya shirikisho, liache. Liliwekwa hapo na Exchange yenyewe.

Wanaotumia wakala wa mfumo mseto wa kisasa hawafungui mlango wa kuingilia. Wakala hutoka nje na kulisubiri wingu huko. Kwao, thamani ya TargetSharingEpr ndiyo inayoelekeza swali, na ikifutika, wingu hurudi kubisha mlango wa Autodiscover ambao haupo.

Sasa kuna hali moja mbaya kuliko mistari. Baraka anamtafuta Asha, na kalenda ya Asha inaonekana nyeupe kabisa. Yuko huru wiki nzima! Baraka anapanga mkutano, Asha anashangaa, maana saa ile yuko na wageni. Hapa swali halikwenda ofisini kabisa. Asha ana masanduku mawili: la kweli ofisini, na jingine tupu wingu, lililozaliwa alipopewa leseni wakati kitambulisho cha sanduku lake la ofisini, ExchangeGuid, hakijafika wingu. Wingu linaona sanduku lake hapohapo na kusoma kalenda isiyo na kitu. Mistari ya mshazari angalau inakuambia kuna kasoro. Weupe huu unakudanganya. Mtu yeyote wa ofisini anayeonekana huru kupita kiasi, mkague kwanza kwa Get-Mailbox upande wa wingu. Jina lake likirudi, umepata ugonjwa.

Ruhusa ya mwenye kalenda

Hata safari ikifika salama, mwenye kalenda anaweza kuwa amefunga mlango. Kila kalenda ina ruhusa ya chaguo-msingi, Default, ambayo kwa kawaida ni AvailabilityOnly. Mtu akiibadilisha kuwa None, hakuna atakayeona kitu. Uhusiano wa taasisi nao una kiwango chake: AvailabilityOnly huonyesha muda tu, LimitedDetails huongeza kichwa cha habari na mahali. Panapotofautiana, kile kidogo ndicho kinachotawala. Unapokagua kwa Get-MailboxFolderPermission, kumbuka kwamba folda huitwa kwa lugha ya sanduku. Kwa mtu aliyeweka Kifaransa, Calendar haipo, ipo Calendrier, na amri itakuambia folda haikupatikana.

Kuona kama mtu ana nafasi ni jambo moja, kufungua kalenda yake yote kuvuka pande ni jambo jingine lenye masharti yake. Usikubali malalamiko hayo mawili yaandikwe kwenye tiketi moja.

Nyayo za swali

Ukiwa hujui swali limekwama wapi, fuata nyayo. Kwenye seva ya ofisini, kumbukumbu za IIS, seva ya wavuti ya Windows, hukaa kwa kawaida ndani ya C:\inetpub\logs\LogFiles. Tafuta neno ASAutoDiscover kwa maombi ya kutafuta njia, na ASProxy kwa maombi yenyewe ya kalenda. Huonekana kwenye sehemu inayomtaja mwombaji. Saa za humo ni za UTC, kwa hiyo linganisha vizuri na saa ya jaribio lako. Usipoona mstari wowote, swali la wingu halikufika kwenye seva. Nenda kwa wenzako wa mtandao ukiwa na hoja mkononi. Ukiona 401 kisha mara moja 200, hakuna kosa: OAuth huanza kwa kukataliwa ili iambiwe ni tokeni gani inatakiwa. Ukiona 401 pekee, mgeni alifika mlangoni na kitambulisho kikakataliwa. Na ukiona 200 lakini mtumiaji bado ana mistari, jibu lilitoka likiwa na kosa ndani yake. Fungua zana za msanidi kwenye kivinjari chake, tafuta ombi la GetUserAvailabilityInternal, usome maneno yaliyomo. Hayo ndiyo maelezo ya kweli, na ndiyo ya kwanza ninayoyaomba mtu anaponiandikia kuhusu kalenda zisizoonana.

Kuna jambo jipya ambalo limewazimia wengi kalenda bila wao kugusa kitu. Kwa miaka mingi seva za ofisini zilifika wingu kwa utambulisho uleule ambao Exchange Online yenyewe inautumia. Agosti 2025 Microsoft ilitangaza dosari iliyopewa namba CVE-2025-53786: aliyeiteka seva ya ofisini angeweza kuutumia utambulisho huo kujipandisha ngazi wingu. Dawa ni programu tumizi maalumu ya mseto, inayosajiliwa kwa kila taasisi peke yake, pamoja na masasisho ya seva kuanzia yale ya Aprili 2025. Ili kuwasukuma waliochelewa, Microsoft ilianza kuizuia njia ya zamani kwa vipindi vya siku chache, ikatangaza kuifunga moja kwa moja baada ya 31 Oktoba 2025.

Alama yake ni ya wazi ukikumbuka safari mbili: Asha hamwoni Baraka wala picha yake, lakini Baraka anamwona Asha kama kawaida. Ukikuta hivyo, na seva haijapata programu hiyo maalumu, endesha skripti ya ConfigureExchangeHybridApplication au kichawi kipya cha mfumo mseto kabla ya kupekua kitu kingine. Exchange 2016 na 2019 zilifikia mwisho wa kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, na EWS upande wa wingu imetangazwa kuanza kufungwa Oktoba 2026 ili Graph, kiolesura kipya zaidi cha Microsoft, ishike nafasi yake. Kwa hiyo seva isiyosasishwa inaweza kutengenezwa leo na swali la Asha likakwama tena kwenye mlango huohuo ndani ya miezi michache.